WATU WAZIMA WANAOTELEZA BARAFUNI: WANASHINDANA VIPI BILA KUCHUKIANA?

Kuna mdau wa Vwawa alituma swali ambalo nimeona nisilijibu kwa mstari mmoja. Aliona kwenye runinga watu wanateleza kwenye barafu huku wakizunguka kama pia, akauliza mambo matatu. Ule mchezo ni wa watoto na wachezaji wakubwa wa Olimpiki tu? Mtu wa miaka 40 mwenye kazi na familia anaweza kushindana? Na ni kweli wale watu wanachukiana mpaka kuvunjana miguu? Nimekusanya majibu hapa sehemu moja, ili hata atakayekuja kutafuta mwakani ayakute. Ni ndefu kidogo, kwa hiyo kama umelipia nusu saa tu hapo kafe, nakili ubandike kwenye flashi ukasome nyumbani.

MCHEZO WENYEWE

Kwa sisi wa mpakani barafu ni ile ya kuhifadhia samaki, au ile ya ubuyu inayouzwa kwenye kifuko nje ya shule. Baridi ya Mbozi na Ileje mwezi wa sita na wa saba inauma kweli, ila haijawahi kumgandishia mtu uwanja. Uwanja wa mchezo huu unatengenezwa: mabomba ya ubaridi yanapita chini ya sakafu, maji yanamwagwa juu kidogo kidogo mpaka yanaganda. Uwanja kamili wa kimataifa una urefu wa mita 60 na upana wa mita 30, yaani ukiuweka ndani ya uwanja wa mpira unabaki na nafasi ya kuchunga mbuzi. Mchezaji anavaa buti ngumu zenye chuma chembamba chini. Chuma kile kina kingo mbili, ya ndani na ya nje, na mbele kina meno ya kuchomea barafu wakati wa kuruka. (Na jamani, tusiandike kwamba mtu "anacheza sketi". Nimeiona hiyo mahali, nikacheka mpaka jirani yangu wa kompyuta ya pili akageuka.)

Ushindi wake si wa kumfikia mtu mwisho wa mbio. Unaingia peke yako, muziki wako unapigwa, unafanya maruko na mizunguko uliyojifunza, majaji wanatoa alama. Zamani alama ya juu ilikuwa 6.0. Tangu 2004 ukaanza kutumika mfumo wa kujumlisha pointi: kila ruko na kila mzunguko una thamani yake, majaji wanaongeza au kupunguza kulingana na ulivyolifanya, halafu zinaongezwa alama za ustadi wa jumla na jinsi ulivyoendana na muziki. Ukianguka unakatwa.

Katika maruko yote lenye jina kubwa ni Axel, limepewa jina la Mnorway Axel Paulsen aliyeliruka mwaka 1882. Ni ruko pekee ambalo mtu analianza akiwa anatazama mbele, kwa hiyo lina nusu mzunguko wa ziada. Watu wazima wanalifukuzia miaka na miaka, wengine hawalipati kabisa na bado wanarudi uwanjani kila wiki.

Hebu liangalie jambo moja hapo. Katika mchezo huu humgusi mpinzani wako. Huwezi kumkaba, huwezi kumtegea mguu, huwezi kumpigia kelele refa akupe penati. Akipanda barafuni wewe umekaa pembeni unamwangalia, na yeye atakuangalia wewe. Nyote mnapambana na kitu kile kile kinachoteleza. Mimi naona nusu ya uungwana wa hawa watu inaanzia hapo, kabla hata hatujasema habari za tabia njema.

MASHINDANO YAO

Jibu la swali la kwanza: hapana, si ya watoto na wachezaji wakubwa tu. Marekani walianzisha mashindano ya taifa ya watu wazima mwaka 1995, mjini Wilmington katika jimbo la Delaware. Shirikisho la kimataifa la mchezo huo, linaloitwa ISU kwa kifupi, lina mashindano ya watu wazima yaliyoanza 2005 huko Oberstdorf, mji mdogo wa milimani kusini mwa Ujerumani. Mwaka 2020 hayakufanyika kwa sababu ya korona. Hao ni madaktari, walimu, makarani, mafundi, wastaafu. Hakuna anayelipwa. Kila mtu anajilipia nauli, hoteli na kocha.

Masharti ya kimataifa ni uwe umefikisha miaka 28. Kisha unapangwa kwa uwezo: kuna daraja la shaba, la fedha, la dhahabu, halafu madaraja ya mabingwa ambako wengi waliwahi kushindana wakiwa vijana. Usichanganye na medali, hayo ni majina ya ngazi tu. Wa daraja la shaba haruhusiwi hata kujaribu Axel wala maruko ya mizunguko miwili, apende asipende. Ndani ya kila daraja mnagawanywa tena kwa umri, ili wa miaka 30 asiende kumuumbua wa miaka 60. Wapo waliopita miaka 70 na bado wanaingia na nguo zenye vitu vya kumetameta.

Na hapo kuna kichekesho. Kwenye ndondo zetu mtu wa miaka 27 anaapa ana 19. Kule ni kinyume, mtu anashangilia kuzeeka, kwa sababu mwaka anaohamia kundi la juu la umri ndiyo mwaka anakuwa mdogo kuliko wote kundini.

Msidhani hakuna ujanja. Mamluki wapo kila mahali. Wa kwao ni yule ambaye ana uwezo wa daraja la fedha lakini anang'ang'ania daraja la shaba ili abebe medali kila mwaka. Havunji kanuni moja kwa moja, pengine hajafanya mtihani wa kupanda, pengine anadai goti linamsumbua. Lakini wenzake wanajua. Watu hawasemi kwa sauti, wanaacha tu kumpigia makofi, na kwenye mchezo wa watu wazima ambako karibu kila mtu anapigiwa makofi, ukimya ule unasikika. Ukiniuliza, hilo ndilo tatizo kubwa la uungwana kwenye mchezo huu kwa watu wazima, kubwa kuliko majaji na kubwa kuliko wivu wa nguo.

MEDALI YA MTU MMOJA

Sasa hapa ndipo penye kiini. Ukigawa watu kwa mchezo wa mmoja mmoja au wa wawili, ukagawa kwa wanaume na wanawake, ukagawa kwa daraja, ukagawa tena kwa umri, vikundi vinakuwa vidogo sana. Unakuta kundi lina watu watatu, au wawili, au mtu mmoja. Huyo mmoja anaingia, anateleza, anapewa dhahabu. Hakumshinda mtu. Anapiga picha na medali yake, halafu anaulizwa nyumbani, ulikuwa wa kwanza kati ya wangapi?

Kwa hiyo mpinzani kwao ni mali adimu. Mwenzako wa kundi lako akiumia kifundo cha mguu wiki moja kabla, hushangilii, unalia naye, kwa sababu bila yeye safari yako ya maelfu ya kilomita imegeuka mazoezi ya gharama. Ndiyo maana unasikia wanaazimana kamba za viatu, wanakaza buti za wenzao, wanakumbushana muda wa kupasha moto. Mtu wa nje anasema "hawa wana upendo." Upendo upo, sikatai. Lakini pia wana hesabu: wakibaki wachache, hakuna mashindano.

Na mfano halisi wa hesabu hiyo tunao jirani hapa, Nairobi.

SIMBA WA BARAFU

Mwaka 2005 hoteli ya Panari, barabara ya Mombasa, Nairobi, ilifungua uwanja wa barafu ndani ya jengo lake. Ulikuwa wa kwanza ukanda huu wa Afrika Mashariki, mdogo kuliko kiwango cha kimataifa. Watu wazima wakaanza kukutana hapo kucheza mpira wa magongo wa barafuni. Mwanzoni wageni wa Kanada na Marekani ndio waliokuwa na vifaa, kisha wakaingia Wakenya, baadhi yao vijana waliokuwa tayari wanajua viatu vya magurudumu mitaani. Ndiyo, najua magongo si mchezo wa madoido niliokuwa naueleza. Lakini ni barafu hiyo hiyo, na ni watu wazima wa ridhaa hao hao, wenye kazi mchana na mazoezi jioni.

Timu wakaiita Ice Lions, Simba wa Barafu. Tatizo lao moja kubwa: hawakuwa na wa kucheza naye. Nchi nzima ni wao tu, majirani hawana timu. Fikiria. Unafanya mazoezi, una jezi, una kapteni, na kila mechi ni ninyi mnajigawa katikati, nusu huku nusu kule. Ukimwumiza mpinzani umeumiza timu yako mwenyewe. Ukimpiga chenga ya kumdhalilisha, Jumatano ijayo mko upande mmoja na anakupa pasi, au hakupi.

Mwaka 2018 kampuni ya kahawa ya Kanada, Tim Hortons, ikawasafirisha wachezaji 12 mpaka Kanada wakacheze mechi yao ya kwanza na timu nyingine. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo wakaingiliwa ghafla na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, mastaa wakubwa wa mchezo huo duniani, wakavaa jezi ya Kenya na kucheza upande wao. Lilikuwa tangazo la biashara, tusijidanganye, kampuni ilikuwa inauza kahawa. Lakini furaha ya wale Wakenya kupata mtu wa kucheza dhidi yake haikuwa ya kuigiza. Mwaka 2024 Kenya ikapokelewa kuwa mwanachama mshiriki wa shirikisho la kimataifa la magongo ya barafuni.

Nimeliweka hili kwa urefu kwa sababu linanigusa hapa hapa Tunduma. Tulikuwa na bonanza la Jumapili la maveterani, upande wetu na wa ng'ambo kule Nakonde, zawadi mbuzi na kreti za soda. Mimi beki wa kushoto, umri sitaji. Upande mmoja ukaleta kijana mwenye misuli akasemwa ana miaka 36. Wiki iliyofuata upande wa pili ukaleta wawili wa namna hiyo. Sitasema nani alianza, kila upande una hadithi yake. Jumapili ya nne kukawa na kushikana mashati, ya tano wageni hawakuja, na bonanza likafa pale. Mbuzi waliobaki nadhani waliliwa na kamati. Sasa wazee wale, wakiwemo wawili walioambiwa na daktari watembeze miguu kwa sababu ya presha, Jumapili wanakaa kijiweni wanahesabu malori kwenye foleni. Timu tunayo, jezi tunazo, na tunajigawa katikati kama Simba wa Barafu. Ila wale wa Nairobi walijigawa kwa kukosa jirani. Sisi jirani tunamwona kwa macho, ni kuvuka geti tu.

JE, WANACHUKIANA?

Turudi kwenye swali la tatu la mdau. Kisa alichokisikia ni cha kweli, lakini si cha watu wazima wa ridhaa. Tarehe 6 Januari 1994, mjini Detroit, Nancy Kerrigan alipigwa rungu mguuni baada ya mazoezi. Waliopanga walikuwa watu wa karibu wa mpinzani wake Tonya Harding, akiwemo aliyekuwa mume wake. Kerrigan alipona haraka akachukua fedha kwenye Olimpiki ya Lillehammer mwezi uliofuata, Harding akawa wa nane, na baadaye mwaka huo akafungiwa maisha na chama cha Marekani. Sinema zimetengenezwa, vichekesho vimetungwa, na mpaka leo ndicho kisa wanachokijua watu wasiojua chochote kingine kuhusu mchezo huu.

Kisa cha 2002 Salt Lake City kinafundisha zaidi. Warusi Berezhnaya na Sikharulidze walipewa dhahabu ya wawili wawili, Wakanada Salé na Pelletier wakapewa fedha, halafu ikafumuka kwamba jaji wa Ufaransa alisema alishinikizwa kuwapigia kura Warusi. Kelele dunia nzima. Mwishowe Wakanada nao wakapewa dhahabu, Warusi wakabaki na yao, na fujo ile ndiyo iliyoharakisha ule mfumo mpya wa pointi niliousema juu. Lakini jiulize nani aligombana na nani. Waliovurugana ni majaji na viongozi. Wachezaji wenyewe walisimama pamoja jukwaani kwenye hafla ya pili, na baadaye wakawa kwenye ziara moja ya maonyesho. Hata kwenye kupasha moto usiku ule Salé na Sikharulidze walikuwa wamegongana barafuni kwa bahati mbaya, wakaendelea na kazi.

Na Mtanzania je? Yupo wa nusu. Robin Szolkowy, aliyezaliwa Greifswald, Ujerumani Mashariki, mwaka 1979, baba yake Mtanzania na mama Mjerumani. Akiteleza na Aljona Savchenko alikuwa bingwa wa dunia mara 5: 2008, 2009, 2011, 2012 na 2014. Shaba za Olimpiki 2010 na 2014. Nashangaa vijana wetu wanajua majina ya wachezaji wa akiba wa timu za Ulaya na hili hawalijui. Baada ya kustaafu 2014 akawa kocha, na kati ya aliowafundisha ni Warusi Tarasova na Morozov. Savchenko yeye akaendelea na mwenza mwingine, Bruno Massot. Kwa hiyo kwenye mashindano ya dunia ya 2018 Savchenko alichukua dhahabu, na wanafunzi wa mwenza wake wa zamani wakachukua fedha. Miaka 11 mmeshikana mikono hewani, halafu unasimama ukingoni upande wa wapinzani wake. Hiyo kazi si ya mtu mwenye kinyongo.

Kwenye theluji, si barafu, kuna Mkenya Philip Boit. Alikuwa mkimbiaji, theluji aliiona ukubwani alipopelekwa Finland kufundishwa kwa udhamini wa Nike. Nagano 1998, mbio za kilomita 10, Mnorway Bjørn Dæhlie alishinda kwa dakika 27 na sekunde 24. Boit alimaliza wa mwisho, wa 92, kwa dakika 47 na sekunde 25. Dæhlie alikuwa bado anamngoja kwenye mstari, akamkumbatia, na sherehe ya medali ikasubiri. Boit akarudi kwao akampa mtoto wake jina la Dæhlie. Kuna wanaosema Nike ilikuwa inatafuta picha tu. Inawezekana. Lakini bingwa kusimama dakika 20 kwenye baridi ile kumsubiri wa 92 hakukuwa kwenye mkataba wa mtu yeyote.

KAMA UNATAKA KUANZA

Jibu la swali la pili: miaka 40 si kikwazo, kikwazo ni barafu. Songwe haipo. Ukifika Nairobi jaribu. Ukiwa hapa, anza na viatu vya magurudumu kwenye sakafu ya saruji, vaa kofia ngumu na kinga za magoti na viganja, maana mtu mzima akianguka anatanguliza mkono na kifundo cha mkono ndicho kinachovunjika. Wanaofundisha huanza na kuanguka: kunja magoti, kaa chini, anguka kwa ubavu, inua mikono usikanyagwe vidole.

Adabu za uwanjani nazo zina kanuni, na ukizivunja utakosa marafiki haraka kuliko ukishindwa kuruka. Ambaye muziki wake unapigwa ndiye mwenye njia, wengine wote mnampisha, hata kama wewe ni bingwa na yeye kaanza jana. Ukianguka unainuka upesi, hukai katikati ukijionea huruma, kuna mtu anakuja kinyumenyume hakuoni. Anayerudi nyuma lazima aangalie bega kwanza. Kwenye mashindano, kabla ya kuteleza mmoja mmoja, kundi zima mnaingia pamoja kupasha moto, kawaida mchezaji mmoja mmoja huwa hadi 6 kwa dakika 6. Humo ndimo utamjua mtu. Wapo wanaotumia zile dakika kukukatia njia makusudi ili utetereke, na wapo wanaokuinulia mkono upite.

Mdau wa Vwawa, natumaini umeridhika. Kama kuna mdau aliyewahi kuteleza Panari au kokote, atupe uzoefu hapo chini, na bei ya kiingilio kama anaikumbuka. Na kama kuna mdau wa Nakonde anasoma hii, Jumapili saa 10 jioni kiwanja kiko wazi, sisi tutakuja na vitambulisho vya umri mkononi, nanyi njooni na vyenu. Maoni yako wazi. Matusi nafuta.